Monaco au Porsche: bango lipi la zamani la mbio za magari linakufaa?

Mtu akianza kutafuta mabango ya zamani ya mbio za magari za Ulaya, hachelewi kufika njia panda. Upande mmoja kuna mabango ya Monaco ya miaka ya 1930, yenye rangi nzito na magari yanayomjia mtazamaji mbio mbio. Upande wa pili kuna mabango ya ushindi ya Porsche, yaliyoanza miaka ya 1950: picha moja yenye nguvu na herufi nene zinazotangaza nani kashinda wapi. Yako mengine mengi, na baadhi nitayagusa huko mbele, ila haya mawili ndiyo yanayogombea ukuta mmoja na mfuko mmoja.

Wengi huanza na bei. Mimi ningeanza na swali jingine: bango lilichapwa kabla ya mbio au baada yake?

Bango la Monaco ni mwaliko. Lilichapwa kabla ya siku yenyewe ili mtu aliyeko Paris au Milano alione, aipate hamu, akate tiketi ya treni na kukodi chumba cha hoteli. Aliyelichora hakujua nani angeshinda. Alichora ndoto ya mbio, na ndoto hiyo haikuwa na deni kwa mtu yeyote. Bango la Porsche ni majigambo. Lilichapwa baada ya bendera ya mwisho kupepea, likatumwa kwa mawakala wa kampuni ili mteja anayeingia dukani ajue kwamba gari lililoko pale mlangoni lina ndugu yake aliyewatoa watu jasho Le Mans, kwenye mbio za saa 24 za Ufaransa, au kule Sicilia. Humo kila kitu kimeshatokea na kinaweza kuhakikiwa: tarehe, aina ya gari, majina ya madereva, nafasi waliyomaliza.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mengi yanayofuata, kuanzia jinsi bango lilivyochorwa hadi jinsi linavyoghushiwa.

Monaco: mchoraji aliyeachiwa uwanja

Mbio za kwanza za Monaco zilifanyika tarehe 14 Aprili 1929. Antony Noghès wa klabu ya magari ya hapo ndiye aliyezipigania, akisema inawezekana kufanya mashindano ndani ya mji wenyewe, katika mitaa ya kawaida yenye reli za tramu na kingo za barabara. Mshindi alikuwa William Grover-Williams akiwa na Bugatti. Mwaka uliofuata, 1930, bango lilichorwa na Robert Falcucci, naye akaendelea hadi 1932. Kuanzia 1933 hadi 1937 kazi ikawa ya Georges Hamel, aliyetia sahihi yake kwa kifupi: Géo Ham. Kisha mbio zikasimama, vita vikaja, na ziliporudi 1948 Ham akaitwa tena.

Ham alizaliwa Laval, Ufaransa, mwaka 1900, akafariki 1972. Alichorea jarida la L'Illustration na aliyajua magari kwa undani, kwa hiyo hata anapotia chumvi, anaitia mahali pake. Gari linavutwa kwa mbele hadi pua yake iwe kubwa kupita kiasi, magurudumu yanaegemea upande, vumbi na mwanga vinaburuzwa nyuma kama mikwaruzo. Mbinu hizi hakuzianzisha yeye. Miaka ya mwanzo ya karne, Mfaransa Ernest Montaut alikuwa tayari anayalaza magurudumu na kuchora mistari ya mwendo kwenye picha zilizotiwa rangi kwa mkono. Lakini Ham alizipa nidhamu. Ukisimama hatua nne kutoka ukutani, jicho linajua papo hapo liende wapi.

Rangi nazo zinasomeka. Enzi hizo gari lilipakwa rangi ya nchi: Wafaransa buluu, Waitalia nyekundu, Waingereza kijani, na Wajerumani nyeupe, iliyokuja kuwa fedha kuanzia 1934. Kwa hiyo unapoona gari la buluu na jekundu yakikimbizana kwenye bango la miaka ya 1930, unaangalia mataifa yakisukumana, miaka michache tu kabla hayajasukumana kwa namna nyingine. Nasi tunajua kilichofuata uwanjani: 1935, 1936 na 1937 zote zilikwenda kwa Mercedes-Benz, na Luigi Fagioli, Rudolf Caracciola na Manfred von Brauchitsch ndio waliokuwa kwenye usukani. Bango halikujua lolote kati ya hayo, na kwangu hapo ndipo penye ladha yake.

Sasa lisogelee. Chukua kioo cha kukuzia, kile anachoweka fundi saa kwenye jicho, ulitazame bango la Ham pale rangi inapobadilika kutoka nyekundu kwenda kivuli. Hutaona vitone vilivyopangwa safu. Utaona chembechembe zisizo na mpangilio, kama alama ya chaki ya mafuta iliyopita juu ya ukuta wenye mchanga, kwa sababu ndivyo ilivyotengenezwa. Katika litografia, fundi huchora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe au bamba la zinki, kisha hulilowesha maji. Wino hushika penye mafuta na kukataa penye maji. Kila rangi ina jiwe au bamba lake, na karatasi ileile hupitishwa tena na tena, rangi juu ya rangi. Wino hukaa mzito na mkavu, na pale rangi mbili zinapopandana huzaliwa ya tatu ambayo haikuchorwa popote. Picha ya simu haikuonyeshi hilo hata kidogo. Ndiyo maana nasema usinunue bango la aina hii kabla hujaliona moja uso kwa uso, hata kama ni kwenye maonyesho ya mnada ambako huna nia ya kununua.

Porsche: karatasi inayojisifu kwa ushahidi

Hadithi ya upande wa pili inaanzia Le Mans mwaka 1951. Auguste Veuillet na Edmond Mouche waliendesha Porsche 356 ndogo, wakashinda daraja la magari ya injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,100. Kwa kiwanda changa cha Ujerumani, miaka sita tu baada ya vita, huo ulikuwa ushindi wa kupigia ngoma. Mwaka huohuo msanifu wa mabango Erich Strenger alianza kufanya kazi na Porsche, na kwa miongo iliyofuata yeye, pamoja na wengine kama Hanns Lohrer, akaupa ushindi wa kampuni ile sura inayotambulika hata ukifunika jina.

Strenger hakuwa na nafasi ya Ham. Mbio zimeisha Jumapili na mawakala wanataka bango dirishani habari ikiwa bado ya moto. Hivyo akatumia kile kinachopatikana haraka: picha ya kamera, uwanja mpana wa rangi moja, maandishi makubwa. Katika mabango yake bora, picha imekatwa kwa ukali, gari limesukumwa pembeni, na jina la mashindano limechukua nafasi ambayo mchoraji wa Monaco angeipa mbingu. Katika yale ya kawaida, na lazima tuseme yapo, ni picha ya gari na orodha ya matokeo chini yake, basi. Ham akichoka bado ni mchoraji. Strenger akiharakishwa anakuwa tangazo la gazeti.

Lakini majigambo yana kitu ambacho mwaliko hauna, nacho ni kisa. Bango la mbio za Targa Florio la 1956 linamhusu Umberto Maglioli kwenye 550 A, gari dogo lililowashinda wenye injini kubwa katika milima ya Sicilia. Bango la Le Mans la 1970 linahusu ushindi wa kwanza wa jumla wa Porsche katika saa 24 hizo: Hans Herrmann na Richard Attwood, gari aina ya 917, namba 23, jekundu lenye mistari myeupe, mvua ikinyesha kwa saa nyingi, na mwisho wa yote magari 7 tu yakaorodheshwa kuwa yamemaliza. Herrmann alistaafu baada ya hapo, kama alivyomwahidi mkewe. Mgeni akikuuliza kuhusu bango kama hilo ukutani, unayo mazungumzo ya saa nzima.

Msomaji wa Nairobi atauliza kuhusu Safari Rally. Katika miaka ile Porsche haikuwahi kuishinda. Ilimaliza ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978, na wanaokumbuka matope ya Aprili wanajua si kwa kukosa kujaribu. Kama moyo wako uko kwenye Safari, hilo ni kusanyo jingine lenye utamu wake, na mabango ya Ulaya hayatalitibu.

Halisi na nakala: mtego hauko mahali pamoja

Hapa ndipo wanunuzi wengi huchanganya kanuni. Wamesikia kwamba vitone maana yake nakala. Kwa bango la Monaco la miaka ya 1930, ushauri huo ni mzuri: ukiona vitone vya buluu, waridi, njano na nyeusi vimejipanga kama maua madogo, unaangalia picha ya bango iliyochapwa kwa ofseti, yaani kwa mashine inayojenga picha kwa vitone, na umri wake unaweza kuwa wa juzi. Kwa bango la Porsche kanuni hiyohiyo inakudanganya. Bango la picha ya kamera lilikuwa na vitone tangu siku lilipotoka kiwandani, kwa hiyo vitone havisemi chochote.

Cha kutazama kwenye Porsche ni herufi. Katika bango la awali, neno kubwa jeusi au jekundu limechapwa kwa wino mmoja uliokolea, na ukingo wa herufi ni safi kama uliokatwa kwa wembe. Aliyelipiga picha bango zima na kulichapa upya amezigeuza hata herufi kuwa vitone, na pembeni mwa kila herufi utaona ukingo umemegekamegeka. Tazama pia kama vitone vya picha vinafanya mawimbi ya ajabu. Hiyo hutokea vitone vinapochapwa juu ya vitone.

Kuna na tochi ya urujuanimno, ileile wanayotumia wenye maduka kukagua noti. Viwanda vya karatasi vilianza kutia kemikali za kung'arisha weupe kuanzia takriban 1950. Zima taa na uimulike pambizo ya bango. Karatasi ya 1934 inabaki hafifu, ya rangi ya maziwa yaliyolala. Karatasi ya kisasa inawaka buluu kama shati jeupe kwenye ukumbi wa disko. Kwa Monaco jaribio hili ni hakimu mkali. Kwa Porsche ya 1960 halikusaidii, maana karatasi halisi nayo inaweza kung'aa.

Halafu pima. Mabango ya Monaco ya miaka ya 1930 yana takriban sentimita 80 kwa 120. Mtu akikuuzia la Géo Ham lenye sentimita 50 kwa 70, hata usitoe tochi mfukoni.

Porsche wana tatizo lao la ziada: kampuni yenyewe imewahi kutoa chapa mpya za mabango yake ya zamani. Hizo si za kughushi, ni bidhaa halali, lakini zikipita mikono mitatu huanza kuitwa za awali. Tena picha ileile iliweza kutumika zaidi ya mara moja, ikibadilishiwa maandishi kwa ushindi mwingine, hivyo usimkimbilie muuzaji kumwita mwongo kwa sababu tu umeliona gari lilelile chini ya jina la mashindano mengine.

Nje ya hawa wawili

Asiyependa kuchagua kati ya ndoto na ushahidi ana mlango wa tatu, nao uko kwa Max Huber. Alikuwa Mswisi aliyehamia Milano, na bango lake la mbio za Monza, Italia, la Oktoba 1948 linauonyesha mwendo kwa mishale mikubwa ya rangi na maandishi yanayokimbilia mbali, wino ukipita juu ya wino. Siku ile Jean-Pierre Wimille alishinda kwa Alfa Romeo. Bango hilo limeingia kwenye makumbusho ya sanaa, na anayelitafuta hushindana na watu wa usanifu ambao pengine hawajawahi kutazama mbio hata moja. Ninalipenda kuliko yote yaliyotajwa hapa, na sijui mtu anayelipata kirahisi.

Mabango ya Bern ni ya mtu anayependa seti yenye mwanzo na mwisho. Mashindano makubwa ya Uswisi katika njia ya Bremgarten ya hapo Bern, iliyopita ndani ya msitu, yalianza 1934 na kuishia 1954. Juni 1955, gari la dereva Pierre Levegh liliruka kwenye umati wa Le Mans na zaidi ya watu 80 wakafa. Uswisi ikapiga marufuku mbio za magari za viwanjani. Kusanyo lako haliwezi kuongezewa kichwa wala mkia. Uchapaji wa Kiswisi unasifika, na ukubwa ni wa kawaida yao, sentimita 90.5 kwa 128. Pima ukuta kwanza. Kivuli nacho kipo: Achille Varzi, aliyeshinda Monaco 1933, alifia Bremgarten wakati wa mazoezi mwaka 1948.

Chaguo la nne ndilo ninalowatajia wenye bajeti ya wastani, nalo ni Monaco ya nusu ya pili ya miaka ya 1960. Mwingereza Michael Turner aliyachora kwa jicho la mtu aliyekaa pembeni mwa barabara. Ni madogo, kama sentimita 40 kwa 60, yanaingia kwenye nyumba ya kawaida, na bei yake haikufukuzi mlangoni. Unapata bandari, kona na magari bila kuuza kiwanja.

Pesa na hali ya karatasi

Bango halisi la Monaco la miaka ya 1930 lililo katika hali nzuri limeshauzwa mnadani kwa zaidi ya dola 10,000, na si mara moja. Porsche za miaka ya 1950 hadi 1970 mara nyingi huchezea kati ya mamia kadhaa na elfu chache za dola, kutegemea mashindano, mwaka na jina la msanifu. Turner wako karibu na hapo au chini kidogo. Mnadani kumbuka ada ya mnunuzi: nyumba nyingi za mnada huongeza takriban robo ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotangazwa, wakati mwingine zaidi, na bado hujalipia usafiri na ushuru wa forodha. Bango la dola 800 likifika Dar es Salaam si la dola 800 tena.

Wauzaji hupanga hali kwa herufi: A ni safi, B limetumika lakini linatazamika, C limeteseka. Usiogope B. Mikunjo na mipasuko midogo ya pambizo ni ya kawaida, na mabango ya Monaco yaliyosalia mara nyingi yamebandikwa juu ya kitambaa cha kitani ili yanyooke. Huo si udanganyifu mradi gundi ni ya unga wa ngano, inayoweza kutolewa kwa maji. Kinachoua thamani ni bango kugandishwa moja kwa moja kwenye kadibodi au ubao kwa gundi ya joto, au kukatwa pambizo ili liingie kwenye fremu iliyokuwapo nyumbani. Kwenye pambizo ndiko liliko jina la mchapaji. Likienda, umepoteza shahidi. Kwa Porsche, ambazo karatasi yake mara nyingi ni imara, wakusanyaji wengi hupendelea lisibandikwe kabisa, ili mgongo uonekane.

Tukija kwetu, adui si mwizi. Unyevu wa Mombasa, Zanzibar au Dar huleta madoa ya kahawia na kuvu hata nyuma ya kioo, hasa bango likigusana na kioo chenyewe. Mwambie fundi fremu aache nafasi kati ya karatasi na kioo, atumie kadi isiyo na asidi, na fremu isikae kwenye ukuta wa nje unaotoa jasho wakati wa masika. Jua nalo hula nyekundu na njano kwanza na kuacha buluu, kama zile picha za mitindo ya nywele kwenye madirisha ya vinyozi. Litografia nzito ya Ham huvumilia zaidi kidogo kuliko wino mwembamba wa ofseti, lakini hakuna iliyo salama mkabala na dirisha la magharibi.

Basi uchague lipi?

Kama unataka picha moja ya maisha, utakayoitazama hata siku ambayo mbio za magari hazikuvutii tena, na pesa ipo, chukua Monaco la Ham, na ulipe zaidi kwa rangi kuliko kwa kingo. Bango lenye rangi kali na pambizo iliyochanika lina thamani kwangu kuliko lenye pambizo safi na nyekundu iliyofifia.

Kama unapenda kujua, kusoma na kuhakikisha, kama wewe ni mtu wa kukumbuka namba za magari, chukua Porsche. Anza na la mashindano moja unayoyajua vizuri, usikimbilie Le Mans 1970 ambalo kila mtu analitaka na kila mchapaji amelichapa upya. Mabango ya ushindi wa daraja tu, yasiyo ya jumla, huwa ya bei nafuu, na mengine yamesanifiwa vizuri kuliko yale maarufu.

Kama huna uhakika wowote, nunua la Turner, au nakala mpya inayouzwa waziwazi kuwa ni nakala, ya makumi machache ya dola, uitundike miezi kadhaa. Ukianza kukereka kila unapopita kwa sababu unajua wino wake ni wa mashine ya juzi, hapo utakuwa tayari kulipia la kweli. Likija, lije limeviringishwa kwenye bomba gumu lenye kipenyo kipana, na uliache lipumzike siku mbili kabla ya kulinyoosha.